Kilo Kumi za Unga Mpaka Kisigino cha Italia

Niliwaahidi picha ya mahali ambapo Ulaya inakwisha. Nakumbuka nilivyojigamba pale Chapwa, Tunduma, kwenye benchi la Amosi fundi viatu. Nilichora ramani ya Italia mchangani, ile nchi iliyokaa kama buti, nikachomeka kijiti kwenye ncha ya kisigino na kusema nitasimama hapo, bahari moja mkono wa kushoto na nyingine mkono wa kulia, na mtaiona picha kabla sijashuka kwenye mwamba. Picha hiyo sina. Tangu nirudi, kila nikija Tunduma mnaniuliza iko wapi, kisha mnacheka kabla sijajibu. Nikijaribu kusimulia, Amosi hunikatiza hata sijafika Dar es Salaam. Basi nimeandika. Karatasi haikatizwi.

Kwa msionijua vizuri, mimi niliacha shule darasa la sita nikamfuata dereva wa lori aliyekuwa anapeleka saruji Kitwe, Zambia. Nilitaka kuona kilichopo baada ya kona. Baada ya kona kulikuwa na kona nyingine, na huo ndio muhtasari wa maisha yangu. Nimekuwa utingo, mpakiaji wa mizigo mpakani, muuza miwani ya jua Kapiri Mposhi. Mke wangu Enesia ni kinyume changu. Ana shamba la kahawa na mahindi nje kidogo ya Mlowo, wilayani Mbozi, na kabla ya mwaka huu mbali zaidi alikowahi kufika ni Mbeya mjini. Alirudi siku hiyohiyo, akasema ameona.

Miaka miwili iliyopita baba yake, mzee Yotamu, alifariki. Kwetu mkwe hakai kitako msibani. Yeye ndiye anayepasua kuni, anayechimba kaburi, anayebeba. Siku hiyo mkwe alikuwa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo, amekwenda kutazama foleni ya malori kwa sababu alisikia ni ndefu kuliko ya kwetu, na simu yake ilikuwa imezima. Nilifika nyumbani siku ya kumi na moja nikiwa na furushi la samaki wakavu. Enesia hakunitukana. Alitoka ndani na kiti, akakiweka uani, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akaniletea chai kwenye sinia.

"Karibu, mgeni," akasema.

Aliyeoa anajua kwamba tusi lingekuwa nafuu. Nilipanga chumba Chapwa, na kila nilipokwenda Mlowo nilikuta kiti uani na chai kwenye sinia. Binti yetu Neema, ambaye ni muuguzi wa wazee huko Bari, kusini mwa Italia, hakuambiwa kitu. Kwa hiyo alipotuma tiketi mbili za kuja kumtembelea na kutembezwa, aliwatumia mke na mume.

Nilimfuata Enesia Mlowo kujadiliana. Nilikunywa chai yangu kwanza, kama mgeni.

"Nakwenda kumwona mwanangu," alisema. "Wewe ukija, njoo. Tukirudi nitaona kama hicho kiti nakiingiza ndani au nakiacha hapo kinyeshewe."

Hiyo ndiyo safari niliyokwenda. Mambo ya bahari mbili niliwaambia ninyi.

Mlowo hadi uwanja wa ndege

Enesia alibeba kilo kumi za unga wa mahindi na kilo mbili za kahawa ya shambani kwake, aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe. Nguo zetu zilipata nafasi iliyobaki.

Uwanja wa Songwe ulikuwa umefunikwa na ukungu, na ndege ilikuwa inatuzunguka juu kama mwewe asiyeona kifaranga. Tulikaa saa sita. Mkaguzi wa mizigo, kijana mstaarabu tu, alikitazama kiroba cha unga kwa huruma.

"Mama, Ulaya kuna chakula."

"Umewahi kukila?"

"Hapana, mama."

"Haya basi."

Kiroba kikapita.

Angani

Ile ndege kubwa ya kutoka Dar es Salaam ina ujia mwembamba katikati, na Enesia ni mtu wa Mbozi. Mtu wa Mbozi hapiti mbele za watu waliokaa bila kuwasalimia. Alianza na safu ya kwanza. "Hamjambo? Habari za kwenu? Hamjambo?" Sisi tulikuwa safu ya thelathini na moja. Nyuma yetu foleni ilijaa mpaka ngazini, na mimi ambaye nimeishi na foleni maisha yangu yote nilijisikia niko nyumbani. Safu za mwanzo zilimtazama kama wanaotazama ajali. Ilipofika safu ya kumi na tano baadhi walikuwa wanaitikia. Safu ya ishirini mzee mmoja Mzungu alisimama kabisa na kumpa mkono, na mhudumu wa ndege, aliyekuwa amekuja kutuharakisha, akajikuta naye anaulizwa habari za nyumbani kwao na kuzitoa.

Roma

Neema alikuja kutupokea, akalia, akatupiga picha, akatukabidhi kwa kikundi. Alikuwa na siku moja tu ya mapumziko. Mpango wake ulikuwa tuzunguke na basi la watalii, watu thelathini, wengi wastaafu kutoka nchi mbalimbali, kuanzia Roma hadi kisiginoni, halafu tumalizie kwake Bari. Kiongozi wa basi aliitwa Donata, mama mwembamba mwenye bendera ndogo ya njano, ambaye alituhesabu kila baada ya nusu saa kama mbuzi wa kukopa.

"Nimewachagulia vyumba vizuri," Neema alisema. "Kila mahali kitanda kimoja kikubwa."

Mimi na Enesia tulitazama viatu vyetu.

Chumbani, Enesia alikipima kitanda kwa macho, akakichukua kile kiroba cha unga, akakilaza katikati kwa urefu.

"Huku Tunduma," akasema, "kule Nakonde."

Nimevuka mpaka wa Tunduma na Nakonde tangu utotoni, mchana kweupe, kwa miguu, nikiwa na mizigo ambayo sitaiandika hapa. Huu wa kilo kumi ulinishinda.

Chakula chetu cha kwanza nacho kilituaibisha. Walituletea sahani za makaroni yenye nyanya. Enesia aliyatazama, akasali, akaweka mikono mapajani akisubiri mboga. Nami nikasubiri. Mtu hali ugali mkavu, na makaroni ni ugali uliotobolewa. Mhudumu akapita, akatazama sahani zetu zilizojaa, akauliza kitu kwa huzuni, tukatabasamu kwa adabu, akazichukua. Baada ya robo saa akaja na nyama. Nyama tupu. Enesia akaitazama ile nyama, akatazama mlango wa jikoni ulikopotelea ugali wake.

"Baba Neema, hawa watu wanakula kwa zamu?"

Usiku wa kwanza Ulaya tulilala na nyama tumboni isiyokuwa na mwenzake.

Asubuhi tuliona uwanja mkubwa wa mawe ambamo zamani simba walipewa watu, watazamaji wakashangilia. Umebomoka nusu. Kwetu jengo la namna ile ni aibu ya mtu fulani na halmashauri inaliwekea alama nyekundu ya X. Kule watu wanapanga mstari tangu alfajiri kuliona. Baada ya hapo kanisani tukaonyeshwa mtakatifu aliyekufa zamani, amelazwa kwenye sanduku la kioo, amevaa soksi. Baada ya hapo tukashushwa chini ya ardhi kwenye mashimo ya makaburi. Baada ya hapo Donata akasema tunakwenda kuona kaburi la mfalme.

"Muulize," Enesia aliniambia, "kama kuna aliye hai wa kumtembelea."

Mji uliofukiwa

Karibu na Napoli kuna mji ambao zamani za kale mlima wa moto uliufunika kwa majivu, wakazi wakafia humohumo. Wazungu wameufukua. Mimi, siwafichi, niliupenda. Barabara zake ni za mawe, na kwenye mawe kuna mikondo iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, mirefu, ya kina, sawasawa na njia yetu ya Msangano masika yakikolea. Nilipiga magoti nikapima kwa shubiri upana kati ya mkondo na mkondo. Nikawaza juu ya dereva wa ule mkokoteni. Huenda naye alikuwa na utingo. Huenda utingo huyo aliacha shule.

Nilipoinuka Enesia hakuwepo.

Nilimkuta kwenye banda ambamo wameweka miili ya wale wafu kwenye vioo, imeganda kwa plasta, mmoja amejikunja, mwingine amejifunika uso. Watalii walikuwa wanajipiga picha nao. Enesia alikuwa amevua kanga yake begani na kuitandaza juu ya kioo cha yule aliyejikunja, na mlinzi mwenye redio alikuwa anampigia kelele, na Donata alikuwa anapeperusha bendera, na mke wangu alikuwa amesimama katikati yao peke yake, ameishikilia kanga kwa mikono miwili.

"Miaka yote hiyo," aliwaambia kwa Kiswahili, "hamjapata hata mtu mmoja wa kuwazika?"

Nilifika wakati mlinzi amekwishairudisha kanga.

"Ulikuwa wapi?" Enesia akaniuliza.

"Naangalia barabara."

"Ndiyo," alisema. Jioni nilikuta kiroba kimesogezwa. Tunduma yake ilikuwa imepanuka, na Nakonde yangu ilikuwa imebaki upana wa ubao.

Kisigino

Siku ya sita tuliamka katika mji mdogo mweupe juu ya kilima cha mizeituni. Jina lake nalihifadhi kwa heshima ya wafiwa. Ndiyo siku yenyewe. Saa tatu asubuhi basi lingeondoka kwenda kwenye ncha, mahali pa bahari mbili, na kurudi jioni. Nilikuwa nimevaa tangu saa kumi na mbili. Nilikuwa nimechaji simu, nikajaribu na namna ya kusimama.

Tulipotoka na mabegi madogo, ukutani kando ya mlango wa hoteli kulikuwa na karatasi mpya yenye picha ya mzee mwenye kofia.

"Mgombea huyu amechelewa kugombea," nikasema.

Enesia akasogea. "Baba Neema, huyo si mgombea. Kuna msalaba, na karatasi imezungushiwa weusi. Huyo amekufa."

Alinitaka niipige picha nimtumie Neema. Neema akapiga simu akiwa kazini, akatusomea: anaitwa Cosimo, amefariki jana, mazishi leo saa kumi jioni, familia inapokea watu nyumbani, namba fulani. Niliangalia mlango. Ilikuwa nyumba ya pili kutoka tulipolala.

"Kwa nini mnauliza?" Neema akasema.

"Nyumba ya pili tu," Enesia akasema. "Tumelala kuta mbili tu kutoka kwa maiti. Asubuhi tumekula mikate na jamu, tumecheka. Sasa tupande basi?"

"Mama, hapana. Huku mtu haendi msibani kwa asiyemjua."

"Kwani nakwenda kumsalimia yeye? Yeye amekufa. Nakwenda kwa waliobaki."

"Mama, tafadhali. Baba, mwambie."

Baba alikuwa anaangalia saa. Basi lilikuwa limewashwa. Enesia alirudi chumbani, akatoka na kiroba cha unga kichwani na kahawa mkononi, kanga ya pili amejifunga juu ya gauni kama inavyopasa. Akanitazama bila hasira yoyote.

"Wewe nenda ukaone bahari zako," alisema, na akasogea pembeni kunipisha, kama unavyompisha mgeni anayeaga.

Ningeweza kuwadanganya. Nilipanda. Nilikaa dirishani, upande ambao Donata alisema ndio mzuri. Niliona kupitia kioo mke wangu akienda kwenye ule mlango na mzigo wake kichwani, akaweka kahawa chini, akabisha hodi kwa sauti, neno lenyewe, "Hodi!", katika mtaa ambao hakuna aliyewahi kulisikia. Akasubiri. Alikuwa peke yake kama alivyokuwa peke yake kwenye kioo cha yule maiti, na kama alivyokuwa peke yake, sasa niseme, siku kumi na moja.

Nikasimama.

"Choo?" Donata akaniuliza kwa Kiingereza.

"Msiba."

"Wa nani?"

"Bado sijamjua."

Donata alifanya ishara ya msalaba, akatupunguza kwenye hesabu, basi likaondoka.

Nyumba yenye ngazi

Nilimkuta kwenye ngazi. Alinipa kahawa niibebe.

Ilikuwa nyumba ya orofa tatu, nyembamba kama kabati, na marehemu alikuwa juu kabisa. Sebuleni watu wa nguo nyeusi walikaa kimya ukutani. Tulipoingia hata ule ukimya ulinyamaza. Enesia alitua kiroba, akapiga magoti mbele ya bibi mmoja aliyekaa karibu na jeneza, akaishika mikono yake miwili. Ndiye alikuwa mjane, mama Rosaria. Hakuuliza sisi ni nani. Aliinama kwenye bega la Enesia na kulia kwa sauti, na nilivyoona nyuso za watoto wake nilielewa kwamba hakuwa amelia hivyo tangu jana.

Mwanawe mkubwa, Vito, jamaa mnene mwenye macho mekundu, alinijia na maneno mengi. Nikampigia Neema, nikaweka simu mezani kwa sauti kubwa.

"Wanauliza mlimjua baba yao wapi," Neema akasema.

"Waambie tumemwona ukutani."

"Baba, siwezi kuwaambia hivyo."

"Waambie, mwanangu. Uongo msibani ni mbaya."

Akawaambia. Kisha bibi mmoja wa pembeni akacheka, akaziba mdomo, na wengine wakacheka na kulia kwa pamoja. Vito akaonyesha kiroba kwa kidole.

"Anauliza hicho ni nini."

"Unga," alisema Enesia. "Na kahawa. Waambie wenye msiba hawawashi jiko, ndiyo maana nimekuja kuliwasha."

Neema alizungumza, akasikiliza, na sauti yake iliporudi ilikuwa nyingine. "Mama, anasema enzi za bibi yake ilikuwa hivyo hivyo. Jiko halikuwashwa, majirani walileta kahawa na sukari. Anasema siku hizi wanatuma ujumbe wa simu wenye mkono wa kusali."

Enesia akaingia jikoni. Aliichemsha kahawa kwenye sufuria kama anavyoichemsha Mlowo, bila kuichuja, na masimbi yake. Hao ni watu ambao kahawa yao huja katika kikombe cha kuchezea watoto, na humezwa mara moja kama dawa. Walipewa vikombe vikubwa. Nimeona watu wakinywa kwa heshima. Wale walikunywa kwa imani. Mzee mmoja aliomba kikombe cha pili, na nadhani ndugu zake bado wanamsema. Enesia akasonga na ugali. Vito akaonja, akasema kwa upole kwamba hiki ni chakula cha Waitalia wa kaskazini, kwa sauti ileile ambayo watu wa Mlowo huitumia wakitaja watu wa Tunduma. Lakini alikula.

Mimi nilitafuta kuni za kupasua. Hakuna. Nikauliza kaburi linachimbwa wapi nikasaidie. Halichimbwi. Wanaume walisimama kwenye ujia wakitazama simu zao. Msiba usio na kazi unamwonea mwanaume, maana hana pa kuificha mikono. Nilipanga viti. Nikavipangua. Nikavipanga tena.

Kazi ilikuja saa tisa. Walikuja watu wanne wa suti, wabeba jeneza wa kulipwa, wamechana nywele vizuri, wakalibeba mpaka kwenye kona ya kwanza ya ngazi, likakwama. Walivuta, wakasukuma. Kichwa cha jeneza kilikuwa kimebana ukutani na miguu imebana kwenye chuma cha kushikia. Mmoja akasema kitu na mama Rosaria akapiga kelele. Nikaelewa bila Neema. Alikuwa amependekeza walisimamishe wima.

Ndugu zangu, mnanijua. Cheti sina, lakini nimeshusha kabati la nguo kutoka ghorofani bila kuvunja kioo, na friji ya bucha ikiwa na nyama ndani. Kila mzigo una kichwa na miguu. Kwenye kona hausukumwi. Kichwa kinapanda, miguu inashuka, tumbo linazunguka. Nilivua koti, nikapita chini ya jeneza, nikaweka bega.

"Tulia!" nikawaambia. "Wewe, panda ngazi moja. Inua kichwa. Inua! Kulia. Kulia kwako, bwana! Taratibu, sasa zungusha."

Niliongea Kiswahili cha mpakani, na watu wanne wa suti wakatii kila neno, kwa sababu mtu aliyebebeshwa mzigo mzito humwelewa yeyote anayejua anachosema. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mzee Cosimo akatoka mlangoni kwake amelala, kama inavyopasa. Nilipotaka kutoa bega Vito akaweka mkono mgongoni kwangu, nibaki. Nikambeba mpaka kanisani.

Makaburini ndiko tulikofanya kosa letu. Enesia alikuwa ameokota udongo kwenye lango, chini ya ile miti yao mirefu myembamba, akaufumbata, tayari kwa kutupa kaburini. Lakini kule hawazikwi ardhini. Kuna kuta ndefu zenye droo kama za kabati la ofisi, jeneza linasukumwa ndani, fundi mwashi anaziba kwa matofali na sementi. Watu wakasimama wanatazama mwiko ukienda na kurudi. Enesia akatazama chini, ni zege. Akatazama juu, ni ukuta.

"Wanatupa wapi?" akaninong'oneza.

"Sijui."

Fundi alimaliza, akageuka, akamwona mama wa kigeni ameshika udongo, hana pa kuuweka. Akasimama na mwiko wake. Wote wakatazama. Enesia akaushika mkono wangu, akaukunjua, akanimiminia nusu.

"Wewe hukutupa," alisema.

Yalikuwa maneno mawili tu, na hayakumhusu Cosimo. Niliutazama ule udongo muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kisha nikausogelea ukuta, nikaubandika kwenye sementi mbichi, nikaukandamiza kwa kiganja, na nikasema kimya jina la mzee Yotamu, nikamwomba radhi. Enesia akabandika wake juu ya wangu. Fundi alifungua mdomo kulalamikia kazi yake iliyochafuliwa. Mama Rosaria alikuwa amekwishainama anakwangua udongo kwenye chungu cha maua. Akafuata Vito, wakafuata wajukuu. Tuliwaachia ukuta mchafu sana.

Jioni majirani walileta maharage makubwa yaliyopondwa na mboga chungu za majani, kwenye sahani moja, kwa wakati mmoja. "Hiki sasa ni chakula," alisema Enesia, akajazia mara mbili.

Basi liliporudi nilimwuliza mstaafu mmoja zile bahari mbili zinakutanaje, kama kuna mstari, kama rangi zinatofautiana. Alifikiri kidogo.

"Kuna mgahawa," akasema.

Na kitandani hapakuwa na mpaka, kwa sababu mpaka ulikuwa jikoni kwa mama Rosaria. Enesia alilala akitazama ukuta. Lakini alilala katikati.

Kurudi

Bari tulikaa kwa Neema siku nne. Alitugombeza siku mbili, na siku ya tatu akatuomba tumsimulie upya. Ndani ya ndege Enesia alisalimia safu zote, nami nikawa namsaidia upande wa kushoto.

Nilibeba mabegi yote mpaka Mlowo, mpaka uani. Hapo nikasimama. Mtu hajui aweke wapi mabegi asipojua yeye mwenyewe anawekwa wapi. Enesia alifungua mlango akaingia. Nikasikia dirisha linafunguliwa, sufuria inasogezwa. Kisha nikasikia mguu wa kile kiti, alichokihifadhi ndani tulipoondoka, ukiburuzwa sakafuni.

Akatoka nacho. Akakiweka palepale pa siku zote. Akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

Kisha akakikalia mwenyewe, akavua viatu, akanyoosha miguu iliyovimba kwa ndege.

"Kuni zimekwisha," alisema.

Shoka lilikuwa nyuma ya ghala, mahali pake. Lilikuwa butu kabisa. Hakuna aliyelinoa kwa miaka miwili.